Kifauongo cha Njia ya Mtoni

Zamani hizo, wanangu, zamani za kale kabisa, wanyama walipokuwa na nyua zilizofagiwa na majiko ya mafiga matatu kama haya yetu, palikuwa na uwanda uitwao Mnyasini. Upande mmoja ulipakana na mto, upande wa pili na kilima cha mawe. Katikati paliota kila kitu: ukoka, mchicha pori, mnavu, mgagani, kishonanguo, na vijiua vingine vidogo ambavyo wakubwa hawakuwahi kuvipa jina.

Mnyasini aliishi mjane mmoja, Sange, jina lake Kidawa. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo kama panya, ila ana miguu myembamba ya kukimbilia na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga wa tembo aliyesahau kukua. Mumewe alinyakuliwa na kipanga, akamwachia watoto wawili wachanga na nyumba ya majani makavu chini ya kichaka.

Kila asubuhi Kidawa alifagia vijia vyake kwa miguu ya mbele, fyagi, fyagi, akiondoa kila kijiti, maana sange akijikwaa ndiyo mwisho wake. Na kwa kuwa pua yake ilikuwa chini siku nzima, alikijua kila kilichoota na kila kilichotambaa. Alijua panzi yupi mtamu na yupi wa kumwacha. Alijua kiwavi gani akiguswa anawasha mpaka jioni. Dundu wanaoviringisha mavi aliwaamkia kama majirani, kwa sababu bila wao uwanda wote ungenuka.

Lakini nani angemuuliza Sange? Mkuu wa Mnyasini alikuwa Nyati, Mzee Mbogo, mwenye pembe pana kama nira. Sheria ya baraza lake ilikuwa fupi: asiyefika urefu wa kichuguu hana neno. Na mshauri wake alikuwa Mbuni. Mbuni ana shingo ndefu, basi watu walisema anaona mbali. Na kwa kuwa anaona mbali, wakasema anajua. Naye hakuwahi kuwakatalia.

Basi mvua za masika zilipokatika, na uwanda umejaa majani mabichi mpaka mlangoni mwa kila mtu, likatokea jambo. Mtoto wa Mzee Mbogo, ndama wa kike aitwaye Sikujua, alikutwa uani kwao akipepesuka kama mlevi. Midomo yake ilikuwa mikavu kama chungu kilichosahauliwa motoni. Macho yalikuwa yamepanuka, meusi tii. Alikuwa akirusha kwato hewani, akisema anafukuza vipepeo, na hapakuwa na kipepeo hata mmoja.

Mbuni akaitwa. Akaja kwa hatua zake ndefu, akamzunguka mgonjwa mara tatu, akimtazama kutoka juu. Mgongoni mwa ndama alikuwa ametua vunjajungu, amekunja mikono yake kama anayeomba. Mbuni akamwonyesha kwa mdomo, akasema adui ni huyo na wenzake, vidudu hivyo pamoja na vijani vinavyovificha. Dawa ni moja tu: uwanda wote ukanyagwe na kung'olewa, zibaki nyasi ndefu peke yake.

Mzee Mbogo alikuwa baba mwenye hofu, na baba mwenye hofu hapimi maneno. Akatoa amri papo hapo. Siku ya tano, jua likiwa la utosi, nyati wote mia mbili wangepita Mnyasini kutoka kilimani hadi mtoni wakikanyaga kila kijani kidogo, na ngiri wangefuata nyuma wakichimbua mizizi. Wanyama wadogo wahamie ng'ambo ya mto.

Ngiri ndiye aliyetumwa kutangaza. Alipita akipiga debe, kwangu-kwangu-kwangu, mkia umesimama wima. Kidawa alimsikia akiwa mlangoni, watoto wake wamelala wamejikunja. Ng'ambo ya mto! Mto wenyewe ulikuwa umefura, na wanawe walikuwa bado hawajajua hata kukimbia sawasawa, sembuse kuogelea.

Akamkimbilia Ngiri, akamsimamisha, akamuuliza ndama anaumwaje. Ngiri hakuwa mtu mbaya. Alimweleza yote aliyoyaona: kinywa kikavu, macho meusi, vipepeo wasiokuwepo. Pua ya Kidawa ikaacha kucheza.

"Huyo hakuumwa na mdudu," akasema polepole. "Huyo amekula kitu."

Ngiri akamwambia akaseme hivyo barazani, kisha akakumbuka sheria, akaona haya, akaendelea na debe lake.

Kidawa hakwenda barazani. Alizunguka nyuma, akapita kwenye tundu la ua, akaingia jikoni kwa Mzee Mbogo. Mkewe, Nyamizi, alikuwa ameketi na kichwa cha binti yake mapajani, akipunga nzi kwa usinga.

Kidawa akapiga hodi. Nyamizi akaitika karibu, akatazama mlangoni, asione mtu.

"Niko huku chini, Mama Sikujua. Ni mimi, Kidawa, jirani yako wa kichakani. Nimekuja kumtazama mtoto."

Siku nyingine labda Nyamizi angecheka. Siku hiyo machozi yalikuwa yamemkaukia usoni, naye angempokea hata sisimizi. Akamsogezea ndama.

Kidawa akapanda juu ya taya la mgonjwa, akaingiza pua yake ndefu mdomoni, akanusa. Harufu aliifahamu: kama ya karanga zilizolowa zikaoza. Akashuka, akatoka uani, akaifuata harufu ile mpaka nyuma ya nyumba, kwenye jaa la taka na samadi. Pale kando ya jaa ulikuwa umeota mnanaha, mmea wenye sumu, mrefu kuliko ndama, umenona kwa mbolea. Maua yake meupe yalining'inia kama matarumbeta, na matunda yake yalijaa miiba kama watoto wa nungunungu. Ncha moja ilikuwa imetafunwa. Pembeni yake, bega kwa bega, ulikuwa umeota mchicha pori.

Akamwita Nyamizi, akamwonyesha. Akamweleza kwamba jani la mchicha lina ukingo laini na halina harufu kali, bali la mnanaha limekatikakatika pembeni, na ukilisugua tu pua inakataa. Mwenye kuinama anaona tofauti. Mwenye kupita tu anaona kijani na kijani.

Nyamizi akamuuliza kama mtoto atapona. Kidawa hakutaka kumdanganya. Akasema dawa ya mnanaha haijui, ila ameona walioula wakapona na ameona wasiopona, na kula kwa Sikujua kulikuwa kuonja, si kushiba. Awekwe kivulini, pasiwe na makelele. Apewe maji tone kwa tone. Ukuta wote utandikwe nyasi asijigonge.

"Na mimi nitakaa hapa nawe," akasema. "Kesho kutwa asubuhi akidai maziwa, ujue amerudi."

Wakakaa, yule mkubwa na yule mdogo. Kidawa alikuwa akikimbia kwake kunyonyesha, kisha anarudi. Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Sikujua alizungumza na bibi yake aliyekufa zamani, akacheka, akalia. Siku ya pili alilala kutwa. Siku ya tatu, umande ukiwa bado majanini, alifumbua macho, akatazama huku na huku, akasema ana njaa, maziwa yako wapi.

Nyamizi alilia kwa sauti mpaka majirani wakadhani mtoto amekufa.

Aliposhiba, mama yake akamuuliza taratibu kuhusu yale majani. Sikujua akasema hakuyachuma ovyo. Alimuuliza kwanza Mjomba Mbuni, aliyekuwa akipita uani: hili ni jani gani? Mjomba akasema ni mchicha, ule, utakunenepesha.

Nyamizi na Kidawa wakatazamana.

Nyamizi akampelekea mumewe habari ile. Mzee Mbogo akamwita Mbuni. Mbuni akaja, akanyoosha shingo, akasema kwa upole kwamba anamshukuru Mungu kwa afya ya mtoto, lakini mtoto huyo amezungumza siku mbili na marehemu na kufukuza vipepeo vya hewa. Je, Mzee atampachika mtu mzima kosa kwa ndoto ya mgonjwa? Na kuhusu mnanaha, vema, huo ni mmoja. Yako majani elfu. Nani atayatofautisha? Ndiyo maana alishauri yote yaondolewe.

Mzee Mbogo akamwacha aende, maana maneno yale yalikuwa na sura ya busara.

Lakini hakuwa mtu asiye na shukrani. Jioni ile alimwita Kidawa, akamwinamia mpaka pumzi yake ikamrusha manyoya, akamwambia aombe atakalo. Kidawa akaomba uwanda uachwe. Mzee Mbogo akatikisa pembe. Amri aliitoa mbele ya wote, akasema. Mkubwa akila matapishi yake hakuna atakayemtii tena. Aombe kingine.

Kidawa alifikiri juu ya wanawe. Alifikiri juu ya ile sheria ya kichuguu. Angesema kweli mpaka sauti imkauke, nayo ingekuwa kweli fupi, isiyofika popote. Basi akaona kweli hiyo itabidi aipandishe juu ya kitu kirefu zaidi.

"Basi nipe asubuhi moja, Mzee," akasema. "Ile ya siku ya tano, kabla ya jua la utosi. Chini kwenye njia ya mtoni kuna mmea mdogo wa majani ya manyoya, maua yake ya zambarau. Jina lake kifauongo. Wazee wetu sisi wadogo huutumia kwa kesi nzito. Mtu huenda peke yake, husema, sina ninaloficha, kisha hutia mguu katikati ya majani. Akiwa mkweli, hubaki wazi. Akiwa na lake moyoni, hujikunja yote, yakalala kama yamekufa. Waliokuwa uani kwako siku ile waende mmoja mmoja. Yakibaki wazi kwa wote, basi hatia ni ya majani na wadudu, nami nitahama bila neno."

Mzee Mbogo akamuuliza mara mbili kama kweli mmea huo upo. Alikuwa ameukanyaga tangu utoto wake kila aendapo kunywa maji, na hakuwahi kuuona. Kidawa akajibu upo. Mzee akakubali.

Kidawa alirudi nyumbani mbio. Kifauongo, wanangu, hakina habari ya mkweli wala mwongo. Kikiguswa na yeyote kinajikunja. Kikiguswa na upepo mkali kinajikunja. Kikiachwa kimya kidogo kinafumbuka tena. Kidawa alikuwa amesema uongo mkubwa mbele ya mkuu wa nchi. Na je, kama Mbuni angetia mguu kama wenzake? Basi wote wangerudi na jibu moja, asingejua la kusema, na jua la utosi lingefika.

Siku ya tano ikafika. Nyati mia mbili walikuwa wamejipanga kilimani, wakipiga kwato, ardhi inatetemeka tu-tu-tu. Baraza lilikaa uwanjani pa kulambia magadi. Waliokuwa uani siku ile walikuwa wanne: Mzee Mbogo mwenyewe, mkewe Nyamizi, Ngiri na Mbuni. Kidawa akaomba kila mmoja akirudi apewe maji anywe taratibu kabla mwenziwe hajaondoka, na asiseme lolote mpaka wote wawe wamemaliza. Wakadhani ni desturi. Kumbe alitaka majani yapate muda wa kufumbuka.

Kisha akakimbia akajificha chini ya shina la mgagani, kando ya njia ya mtoni, pua tu imetokeza.

Wa kwanza alikuja Ngiri. Akasimama, akakohoa, akasema haraka hana analoficha, akatia kwato. Majani yakajikunja, msururu kwa msururu, fyuu, mpaka pakabaki vijiti vitupu. Ngiri akaruka nyuma. Akatazama kwato lake. Akaondoka polepole, mkia umeshuka.

Akaja Nyamizi. Yalipojikunja alishika kifua. Kidawa alitamani kutoka amwambie ukweli, akajizuia.

Akaja Mzee Mbogo. Kwato lake lilikuwa pana, na majani yakalala eneo zima kama yamefagiwa. Yule mwenye pembe kama nira akasimama pale muda mrefu, amekodoa macho chini, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kidawa alimsikia akijiuliza, "Mimi? Mimi nina nini?" Kisha akaguna, kama mtu aliyekumbuka.

Majani yakafumbuka. Wa mwisho akaja Mbuni.

Mbuni akaangalia huku na huku. Akasema yale maneno, lakini hakuyamaliza. Akainua mguu wake mrefu juu ya majani. Ukabaki hewani. Kidawa aliona kucha zikitetemeka, na manyoya ya bawa yakitetemeka pia, na hapakuwa na upepo. Alikuwa amemchukia siku tano nzima. Sasa, akimtazama kutoka chini, aliona shingo ile ndefu ikimeza mate, akamwonea huruma bila kutaka. Mguu ukarudi ulikotoka. Mbuni akalizunguka eneo lile kwa pembeni, kwenye tope, akangoja kidogo ili asionekane ametoka upesi, kisha akarudi barazani.

Kidawa akakata njia zake za mkato, akafika kabla yake.

Mzee Mbogo akaamuru kila mtu aseme alichokiona. Ngiri akasimama kwanza. Akasema kwake yalijikunja. Lakini wallahi hajui kitu kuhusu mtoto. Labda ni kwa sababu ya mihogo ya Nungunungu, ile iliyopotea mwezi uliopita. Ni yeye aliyeila. Atapanda mingine.

Nyamizi akasema kwake pia yalijikunja. Siku ile alikwenda mtoni kuteka maji akanogewa na mazungumzo, akamwacha mtoto peke yake mpaka jua likapinduka. Hakumwambia mumewe. Akafunika uso.

Mzee Mbogo akainuka.

"Kwangu yalijikunja," akasema. "Mke wangu aliniambia mara tatu lile jaa lisafishwe. Nikasema kesho. Mnanaha uliota kwenye uchafu wangu, ukanona kwa uvivu wangu. Nimeamuru uwanda mzima ukanyagwe, na sikuwahi kusema hilo."

Akaketi kwa kishindo. Ikawa zamu ya Mbuni.

Mbuni aliwatazama wenzake watatu walioinamisha vichwa, akanyoosha shingo yake juu kabisa. "Nasikitika kwa ndugu zangu," akasema. "Kwangu mimi yalibaki wazi. Nilikanyaga katikati, yakabaki wazi kama mwavuli."

Hapo Kidawa akapanda juu ya kichuguu kilichokuwa pale uwanjani. Akawa mrefu kama kichuguu na zaidi kidogo, basi sheria haikumkataza.

"Mzee Mbogo," akasema, "nina neno, lakini ni afadhali nilionyeshe. Twendeni mtoni."

Wakaenda wote. Kidawa akakisogelea kifauongo, akakigusa kwa ncha ya pua. Majani yakajikunja. Akahamia shina jingine, akapuliza. Yakajikunja. Panzi mmoja akaruka akatua penye majani yaliyo wazi, nayo yakajikunja chini yake.

"Panzi huyu ameficha nini?" akauliza Kidawa. "Hakuna. Hivi ndivyo kilivyo. Hujikunja kwa mkweli, hujikunja kwa mwongo, hujikunja kwa mvua. Wote mmekikanyaga maisha yenu yote, hamkutazama. Basi mtu mmoja tu kati ya wanne hakukigusa leo, naye ni yule anayesema alikikanyaga."

Akaelekeza pua yake kwenye tope. Pale katikati palikuwa na alama za Ngiri, na za Nyamizi, na lile kwato pana la Mzee Mbogo. Pembeni, kwenye tope laini, zilizunguka nyayo za vidole viwili viwili, kama duara, bila hata moja kuingia ndani. Na Mnyasini nzima mwenye vidole viwili vya namna ile alikuwa mmoja.

Kisha shingo ya Mbuni ikaanza kushuka. Ilishuka, ikashuka, mpaka kichwa chake kikawa karibu na Kidawa.

"Aliniuliza mtoto," akasema. "Akaniuliza, mjomba, hili ni jani gani? Mimi mrefu, mimi mshauri, ningesemaje sijui? Kutoka kule juu lilikuwa kijani. Nikasema mchicha. Aliposhikwa na ugonjwa niliogopa. Nikataka majani yote yaondoke ili asiwepo wa kuniuliza tena."

Mzee Mbogo akainamisha pembe. Alianza kuparura ardhi, na wote wakarudi nyuma. Mbuni hakukimbia, ingawa miguu alikuwa nayo.

Ni Kidawa aliyekwenda akasimama katikati yao, mdogo kama tonge. Akasema Mzee ana haki ya kukasirika. Lakini akimchoma Mbuni pembe kwa kutojua, kesho mwingine asiyejua ataogopa zaidi, naye atadanganya vizuri zaidi, na mtoto mwingine atakula. Akaongeza kwamba hata yeye mwenyewe amemdanganya Mzee kuhusu mmea ule, na kama pembe ni kwa kila mwongo, basi zimwanzie yeye.

Mzee Mbogo akamtazama. Akakumbuka alivyosimama mbele ya majani yaliyolala, akijipekua moyo mpaka akalikuta lile jaa. Akapumua kwa nguvu puani, pembe zikainuka.

Akageuka kilimani, akapiga ukelele mmoja mzito. Nyati mia mbili wakatawanyika kwenda kula.

Adhabu ya Mbuni aliipanga Nyamizi, maana mtoto alikuwa wake. Kila asubuhi Mbuni amfuate Kidawa, kichwa kikiwa chini kimo cha sange, na ajifunze kila kilichoota na kinachotambaa kuanzia ua wa Mzee Mbogo mpaka mtoni. Jaa Mzee Mbogo alilisafisha mwenyewe, kwa kwato zake, watu wakitazama. Ngiri akapanda mihogo.

Mwanzoni Mbuni aliona aibu. Shingo ilimuuma, na watoto walimcheka. Lakini siku zilivyopita alianza kuuliza mwenyewe, na Sikujua akawa anafuatana nao. Hiki kishonanguo, kinakung'ang'ania ili ukazipande mbegu zake kwako. Huyu mdudu si jani, mtazame miguu. Huu mnavu, ule wa zambarau ni mtunguja, usiule. Ndiyo maana mpaka leo mkimwona mbuni nyikani, mara nyingi ameinamisha kichwa ardhini, na wasiojua husema anajificha.

Asubuhi moja Mbuni aligundua kijiua cha buluu kati ya mawe, kidogo kuliko punje ya mtama. Akamwita Kidawa kwa furaha, akamuuliza ni kitu gani.

Kidawa akainama. Akakinusa upande huu, akakinusa upande ule. Akalitazama jani lake juu na chini.

"Sijui," akasema.

Mbuni akabaki mdomo wazi. Alimtazama Sange yule aliyeokoa uwanda mzima, akamwona hata uso haukubadilika. Kisha akajilaza chini kifudifudi, na Sikujua akajilaza upande wa pili, wakakizunguka kile kijiua wote watatu, wakaanza kukichunguza.

Wanangu, asemaye sijui hujifunza, na ajifanyaye mjuzi huwalisha wenzake sumu.